Nukta ya Mgonjwa Iko Wapi Mwezi wa Pili?

Ukimuuliza mtu yeyote anayetumia QGIS "nianzie wapi kujifunza GIS?", kuna uwezekano mkubwa atakutumia kitabu kilekile nilichotumiwa mimi: A Gentle Introduction to GIS, cha T. Sutton, O. Dassau na M. Sutton. Kilitoka mwaka 2009, ni cha bure, na bado kimo kwenye nyaraka za QGIS zenyewe. Nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa najiandaa kwenda uwandani. Mara ya pili nilikuwa Ifakara na kazi yangu imeshaharibika. Mara ya tatu ni wiki iliyopita, ili niandike haya.

Ni kitabu kizuri. Ni kitabu pia kinachoweza kukupoteza vibaya kwenye Bonde la Kilombero, na sababu imo kwenye mfano wake wa kwanza kabisa, ule ambao wengi tunaupita haraka kwa sababu unaonekana rahisi.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anasikia: GIS ni mfumo wa taarifa za kijiografia. Yaani kompyuta, programu na data vinavyokuwezesha kuuliza maswali ambayo jibu lake linategemea kitu kiko wapi. Kijiji gani kiko mbali na zahanati? Mashamba gani yatafunikwa na maji mto ukipanda mita moja? Taarifa zinapangwa kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama karatasi za nailoni: tabaka la mito, la barabara, la nyumba. Na kila kitu kwenye tabaka kinachorwa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Vekta ni nukta, mistari na poligoni. Rasta ni picha ya vijumba vidogovidogo, kila kijumba na namba yake. Msingi ni huo, na kitabu hiki kinaueleza vizuri kuliko vingi nilivyovisoma vyenye bei.

Nianze na kinachostahili sifa. Kwanza, ni kitabu cha huku kwetu. Kiliandikwa kwa udhamini wa idara ya serikali iliyohusika na mipango ya ardhi katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, na kililengwa kwa walimu na wanafunzi ambao hawajawahi kuona programu ya ramani. Mifano yake haitoki kwenye jiji la Marekani lenye barabara za mraba. Inatoka mahali penye vijito, mashamba na miji midogo. Mwanafunzi wa Ifakara akifungua kurasa zake hajisikii mgeni.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nikipende, kila sura inamfikiria mtu asiye na kompyuta. Mwishoni kuna sehemu ya kumwambia msomaji afanye nini kama hana mashine: chukua ramani ya karatasi, tandaza nailoni juu yake, chora tabaka lako, kisha tandaza jingine. Nimejaribu zoezi hilo na wanafunzi wa sekondari kwa ramani ya zamani ya topografia na kalamu za rangi, na nakuhakikishia walielewa matabaka haraka kuliko mimi nilivyoyaelewa chuoni mbele ya projekta. Waandishi waliojua kwamba umeme hukatika wanastahili heshima yao.

Sasa twende kwenye tatizo.

Sura ya kwanza inakutaka ujifikirie wewe ni mhudumu wa afya. Kila mgonjwa unayemtibu unaandika tarehe, ugonjwa, na mahali anapoishi kwa latitudo na longitudo. Kuna jedwali dogo lenye matubwitubwi na surua, tarehe za mwaka 2008 na 2009. Ukiliangalia kama jedwali, unaona ni miezi gani ugonjwa gani ulizidi. Ukiliweka kwenye GIS, unagundua jambo ambalo jedwali lilificha: wagonjwa wa matubwitubwi wote wanaishi karibukaribu. Hapo mwanafunzi anasema "aaah!" na kitabu kimeshamkamata. Kusema kweli hata mimi kilinikamata.

Nikaenda Kilombero na somo hilo kichwani. Nukta moja kwa kila kaya, mahali inapoishi. Nikazipata nukta kwa jipiesi wakati wa kiangazi, kazi safi kabisa. Niliporudi mwezi wa pili kufuatilia, mlango wa kaya ya kwanza kwenye orodha yangu ulikuwa na kufuli. Wa pili kufuli. Wa tatu kuku tu. Nikamkuta bibi mmoja amekaa barazani anachambua mboga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unamtafuta nani?"

Nikamtajia jina la mwenye nyumba. Akacheka. "Hao wako shamba tangu kabla ya Krismasi. Mpaka mpunga uvunwe ndiyo utawaona." Nikamuuliza shamba ni wapi. Akanyoosha kidevu kuelekea mtoni: "Ng'ambo huko."

Mwenyeji yeyote wa bonde angeniambia hilo mapema kama ningeuliza. Mpunga wa Kilombero hulimwa kwenye tambarare ya mafuriko, na mashamba mengi yako mbali na kijiji, umbali wa kilomita nyingi. Mvua zikianza, familia inabeba sufuria, chandarua na watoto wadogo na kuhamia huko. Wanaishi kwenye vibanda, wengine juu ya dungu, wanapalilia, wanaamia ndege mpunga unapokomaa, kisha wanavuna na kurudi. Hiyo ni miezi kadhaa ya mwaka, na ndiyo miezi ya maji na mbu. Nukta yangu ilikuwa sahihi kwa kipimo cha mita chache, na kwa nusu mwaka haikuwa na mtu.

Wala si jambo jipya kwa wanasayansi. Mwaka 2008 jarida la Malaria Journal lilichapisha utafiti wa Manuel Hetzel na wenzake kuhusu hatari ya malaria na upatikanaji wa kinga na matibabu kwenye mashamba ya mpunga ya bonde hilihili. Swali lao lilikuwa ndilo lililopaswa kuwa langu: mtoto akipata homa akiwa shambani, anapata wapi dawa? Vyandarua watu walikuwa wanakwenda navyo. Kufika penye matibabu ndiko kulikokuwa kugumu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1996, Taasisi ya Afya Ifakara ilishaanza kufuatilia kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga kwa kuzitembelea kila baada ya miezi minne, ikiandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama na nani amehamia. Ziara tatu kwa mwaka ni gharama kubwa. Lakini aliyeupanga mfumo huo alielewa kwamba "anaishi wapi" ni swali lenye tarehe ndani yake.

Kitabu hakikosi tarehe. Safu ya tarehe ipo kwenye jedwali lake. Kasoro ni kwamba tarehe inakuwa ya ugonjwa peke yake, na mahali panakuwa pa kudumu. Mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba nyumba ni sifa ya mtu kama jina lake. Na ukichora ramani ya homa za Februari na Machi kwa nukta za nyumba za kijijini, utaona mkusanyiko mzuri wa nukta nyekundu karibu na barabara, utamwambia mganga mkuu "tatizo liko hapa", na dawa zitapelekwa mahali ambapo wagonjwa hawapo. Ramani itakuwa nzuri sana kwenye slaidi.

Kosa la pili linafuata kutoka lile la kwanza. Kwenye sura ya uchambuzi wa vekta, chombo kinachopewa nafasi kubwa ni bafa, yaani eneo linalochorwa kuzunguka kitu kwa umbali fulani. Weka nukta ya zahanati, sema kilomita 5, programu inakuchorea duara. Walio ndani wako karibu, walio nje wako mbali. Ni sekunde mbili tu, na ndiyo maana tunaipenda. Duara la kilomita 5 lina ukubwa wa kilomita za mraba 78 na nusu, na kwa mtu mwenye afya njema kutembea kilomita 5 kwenye tambarare ni kama saa nzima. Kipimo hiki kimezoeleka kwenye mipango ya afya, na Tanzania ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi mwaka 2007, uliotaka zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, ramani za aina hii zilikuwa njia rahisi ya kuonyesha nani amefikiwa na nani bado.

Lakini duara halijui kuogelea. Kuna mto katikati ya bonde, na mto huo ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Kwa miaka mingi mtu wa Ulanga akitaka kufika Ifakara alitegemea pantoni. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Fikiria bafa iliyochorwa mwaka 2017 na nyingine mwaka 2019, nukta zilezile, kilomita zilezile: maduara mawili yanafanana kabisa. Wakati kwa mama mjamzito aliye ng'ambo dunia nzima ilikuwa imebadilika. Chombo kisichoweza kuona tofauti kati ya kuwepo na kutokuwepo kwa daraja hilo hakifai kuwa jibu la swali la "nani yuko karibu" katika bonde hili. Kinafaa kuwa swali la kuanzia tu.

Chukua mfano wa kubuni. Kibanda kiko kilomita 3 kutoka zahanati kwa mstari ulionyooka, lakini mto uko kati. Kivuko salama kiko kilomita 9 juu. Kwenda juu kilomita 9, kuvuka, kushuka tena kilomita 9 na zaidi. Kwa bafa, kaya hii "imefikiwa". Kwa miguu ya mtu aliyebeba mtoto mwenye degedege, ni siku nzima. Mwezi wa nane pengine anakatiza pakavu kwa nusu saa. Nukta ni ileile.

Cha kuchekesha ni kwamba mtu anayetajwa kila mahali kama babu wa ramani za magonjwa alishalijua hili. John Snow alichora vifo vya kipindupindu vya London vya mwaka 1854 kuzunguka pampu ya Broad Street. Tunaonyeshwa ramani yake kama nukta na pampu, basi. Kwenye toleo la 1855 aliongeza kitu ambacho walimu wengi hawakitaji: mstari uliopita mahali ambapo mtu angetembea umbali uleule kwenda pampu hiyo au pampu nyingine ya jirani, kwa kufuata mitaa. Hakuchora duara. Alihesabu njia, kwa sababu watu wa Soho walichota maji kwa miguu na si kwa ndege.

Je, mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kufundishwa hilo? Hapa najua kuna watakaonibishia kwamba nataka mambo ya juu kwenye kitabu cha utangulizi. Sikubaliani. Wazo la gharama ya njia ni rahisi kuliko projeksheni, ambazo kitabu kinazifundisha bila huruma. Unachukua rasta. Kila kijumba unakipa namba: dakika ngapi kukivuka. Barabara dakika chache, shamba la mpunga zaidi, kinamasi zaidi sana, mto usiovukika unaupa namba kubwa kabisa. Programu inajumlisha kutoka zahanati kwenda nje na kukupa ramani ya muda. Zana zipo ndani ya QGIS hiyohiyo kupitia GRASS, na Shirika la Afya Duniani lina programu ya bure iitwayo AccessMod kwa kazi hii hasa. Kwenye karatasi ya nailoni inawezekana pia: chora gridi, andika dakika kwa kalamu, jumlisha kwa kidole. Halafu, na hapa ndipo utamu ulipo, futa namba za kiangazi, andika za masika, jumlisha upya. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi Kivukoni atakupa namba hizo kwa usahihi kuliko setilaiti yoyote.

Nisionekane kama naponda tu. Sura ya mifumo ya koordineti ni bora kuliko nilivyoipa hadhi mara ya kwanza, na ningeisoma kwa makini ningejiokoa na aibu. Ukiwa na data ya latitudo na longitudo, kipimo chake ni nyuzi. Ukiiambia programu "bafa ya 5" ukidhani ni kilomita, inaweza kukuchorea nyuzi 5. Nyuzi moja huku ni kama kilomita 110. Mimi nilipata zahanati ya Ifakara inayohudumia Dar es Salaam, Dodoma, Mtwara na Arusha, pamoja na kipande kikubwa cha Bahari ya Hindi. Nikacheka, nikarekebisha.

Ya pili haikunichekesha. Ili upate mita unahamia kwenye projeksheni ya UTM, inayogawa dunia kwa kanda za nyuzi sita. Kitabu kinaeleza kanda hizo vizuri, kwa mfano wa kwao. Kisichoweza kukuambia ni kwamba longitudo ya 36 Mashariki, mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37, inapita ndaniya bonde lenyewe. Ifakara iko kanda ya 37 Kusini. Mlimba, kwenye reli hiyohiyo ya TAZARA, iko kanda ya 36. Jipiesi inabadili kanda kimyakimya ukiwa njiani. Mimi nikaziingiza zote kama 37, na vijiji vya upande wa Mlimba vikahamia zaidi ya kilomita 600 mashariki, baharini, kupita Mafia. Kosa kubwa hivyo unaliona. La hatari ni lile dogo: ukiskani ramani za zamani za topografia zilizotengenezwa kwa kipimo cha Arc 1960, halafu ukazifungua kama WGS 84 ya jipiesi, vitu vinasogea takriban mita 300. Mita 300 si mbali na urefu wa lile daraja. Nyumba inavuka mto na wewe hujui.

Sehemu inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni sura ya topolojia, na nadhani hapa kasoro ni nzito kuliko kwenye bafa. Sura inafundisha jambo la kweli: poligoni mbili zinazopakana, kama wilaya mbili, zisiachiane upenyo wala kupandana. Ukikuta upenyo au mpando, ni kosa la uchoraji. Unawasha zana ya kuvuta mistari ishikane, tatizo limekwisha. Kwa data iliyochorwa na mkono uliochoka saa tisa usiku, ni sawa kabisa.

Sasa fungua data ya mipaka ya Kilombero. Pori tengefu la Kilombero lina mizizi enzi za mkoloni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikavipa vijiji mamlaka juu ya ardhi yao. Mwaka 2002 tambarare ya mafuriko, takriban kilomita za mraba 7,967, ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ikabana kilimo na ufugaji ndani ya mapori tengefu. Katika miaka ya 2010 programu ya kuwezesha umilikishaji ardhi ikapima vijiji na kutoa hati za hakimiliki za kimila katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mwaka 2023 sehemu ya eneo ikatangazwa kuwa pori la akiba. Kila hatua ilikuja na mistari yake, iliyochorwa na ofisi tofauti, kwa kipimo tofauti, mingine ikifuata kingo za mto ambao wenyewe unahamahama.

Ukiweka matabaka hayo pamoja, yanapandana. Na mpando huo si kosa la uchoraji. Kuna watu wanaolima humo ndani. Ukibofya kitufe cha kuvuta mistari, ama umeongeza pori au umeongeza kijiji, na hakuna mtu aliyekupigia kura ufanye hivyo. Faili litatoka safi, litatumwa kwa barua pepe, litanakiliwa kwenye ripoti, na baada ya miaka mitatu mtu atasimama kwenye mkutano wa kijiji akisema "ramani inaonyesha". Sijui zoezi lingine la kompyuta ambalo mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kulifanya kwa bahati mbaya na likamgusa mtu shamba lake. Kitabu kingehitaji aya moja tu hapa: kabla ya kurekebisha mpando, uliza kila mstari umetoka kwenye karatasi gani, ya mwaka gani, na nani aliutia sahihi. Iweke majibu kwenye jedwali la sifa. Acha mpando uonekane, upake rangi yake.

Sura ya mwisho, ya kukadiria thamani kati ya vituo vya vipimo, naipita haraka kwa sababu inatahadharisha yenyewe kwamba vituo vichache hutoa picha mbovu. Ina mfano wa joto la hewa, na joto ni mwanafunzi mpole, linabadilika taratibu. Ningependa msomaji wa huku aongezewe mfano wa Namawala, kijiji cha bonde hili ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtu alikadiriwa kung'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mwaka 1995 Tom Smith na wenzake walichapisha ramani ya wingi wa mbu ndani ya kijiji hicho kimoja, nyumba kwa nyumba, na tofauti kati ya nyumba zilikuwa kubwa. Mbu si joto. Ukipima kijiji hiki na kile kisha ukajaza rangi laini katikati, umechora kitu ambacho hakipo.

Basi ukisome au usikisome? Kisome. Soma sura ya vekta na ya rasta kwa mpangilio wake, ya koordineti mara mbili ukiwa na daftari, na kila zoezi linalosema "mahali anapoishi" liandike upya kwa mkono wako: anapoishi mwezi gani. Ukifika kwenye bafa, fanya zoezi lake, kisha lirudie kwa dakika badala ya kilomita, kwa kiangazi na kwa masika. Kwa masika usitegemee picha za kawaida za setilaiti, maana mawingu ya Machi na Aprili yatakuachia pamba tupu. Tafuta za rada za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2014. Zinaona maji kupitia mawingu na ni za bure. Kwenye topolojia, zana ya kuvuta mistari iache imezimwa mpaka umeongea na mtu wa ofisi ya kijiji.

Na kama kuna msomaji anayefundisha sekondari mahali popote kati ya Mang'ula na Malinyi, nina hamu ya kuona mtu anaandika upya sura ya kwanza kwa Kiswahili, mhudumu wa afya awe wa huku, na jedwali liwe na safu mbili za mahali. Niko tayari kusaidia kuchora.

Ile kaya ya kufuli nayo sasa ina nukta mbili kwenye faili langu. Ya kwanza ni ya Julai hadi Novemba, na nina koordineti zake. Ya pili ni ya Desemba hadi Juni na bado haina namba, kwa sababu wakati naandika haya maji hayajapungua, na bibi ameniambia nisithubutu kuvuka peke yangu.